Siku moja maishani mwangu: mimi na jiwe

Saa 1 asubuhi. Mimi ni mchapaji wa litografia. Msanii huchora juu ya jiwe, na mimi huutoa mchoro huo kwenye jiwe na kuuweka kwenye karatasi. Naanza kwa kusaga jiwe la kesho: jiwe la chokaa kutoka Solnhofen, Ujerumani, zaidi ya kilo 60. Maji, changarawe laini kama unga, kisha diski nzito ya chuma nazungusha mpaka mchoro wa zamani uishe. Kazi hii haipigwi picha, lakini jiwe lisiposagwa sawasawa, kila kitu kitakachofuata kitaharibika.

Saa 3. Jiwe la leo lilichorwa jana kwa kalamu ya mafuta, jioni nikalipaka gundi ya mgunga yenye matone ya asidi ya nitriki. Litografia yote, tangu Alois Senefelder alipoivumbua Bavaria miaka ya 1790, inategemea ugomvi wa maji na mafuta: palipochorwa hushika wino, pasipochorwa hushika maji.

Nachovya kitambaa kwenye tapentaini, nafuta. Mchoro wote unapotea. Wasanii wengine hushika kichwa wakiona hivyo! Linabaki jiwe la kijivu lenye kivuli hafifu. Nalilowesha kwa sponji, napitisha rola ya wino mara moja, mbili, tatu. Jicho linatokea. Halafu shavu, halafu unywele mmojammoja. Miaka yote hii, bado hapo huwa nabana pumzi.

Saa 6. Asidi tena, chapa za majaribio, chakula cha harakaharaka.

Saa 8 hadi 11. Sponji, rola, karatasi, mashine, inua. Sponji, rola. Kwenye nakala ya saba nilichelewesha maji kidogo tu, wino ukashika kwenye ukingo mweupe. Nikaitupa. Zimebaki 22 safi.

Saa 11 msanii anakuja kutia sahihi, na hapo mimi humkumbuka mchoraji Frances Palmer. Alizaliwa Leicester, Uingereza, mwaka 1812, akahamia New York, akachorea kampuni ya Currier & Ives chapa zipatazo 200. Mandhari zake zilipamba kuta za nyumba nyingi za Marekani, na chini yake mara nyingi pameandikwa "F. F. Palmer". Herufi mbili na jina la ukoo. Mtazamaji angejuaje kwamba ni mwanamke? Mimi mwenyewe niliwahi kusimama kwenye maonyesho mbele ya chapa niliyoitoa kwa mikono hii, kibandiko kikamtaja msanii, karatasi na hata jiwe, ila si mimi. Iliniuma, na bado inaniuma.

Saa 12 jioni. Natoa mhuri wangu usio na wino na kuugandamiza kwenye kona ya chini, kulia. Mara 22. Kila mara napitisha kidole kuhakikisha alama imezama.