Hadidiski ilivyokufa na madeni ya mama

Mwaka 2011 mama alikuwa anauza dagaa kwa jumla pale mwaloni Kirumba, Mwanza, mimi ndo namtunzia hesabu kwenye kompyuta ya mezani ya zamani, hadidiski yake, ile diski ya ndani inayohifadhi kila kitu, gigabaiti 40, Windows XP. Humo kulikuwa na wateja wote wa mali kauli, nani kachukua magunia mangapi, kalipa ngapi, kabakiza ngapi. Kopi nyingine hakuna, hata kwenye fleshi.

Wiki ile umeme ulikuwa kata rudi kata rudi. Jioni moja umerudi, nawasha, skrini nyeusi na maandishi meupe, nikasogeza sikio kwenye sipiyu, lile boksi la kompyuta, nasikia tk, tk, tk, kimya, halafu tena tk, tk, tk. Nikazima nikawasha kama mara sita. Baadae ndo fundi akanielewesha kwamba kile ni kichwa cha kusomea kinahangaika juu ya sahani za ndani ya diski na ukilazimisha unaweza kuzikwaruza kabisa, mpaka leo nikisikia mtu anaambiwa "washa tena itakubali" naumia.

Fundi wa mjini aliisikiliza kidogo tu. "Dada hii imekufa. Na usije ukauziwa ya SATA, ya waya mwembamba, mazabodi yako, ile bodi kuu ya ndani, inakubali IDE, ule waya mpana." Nikapata yuzd ya gigabaiti 80 kwa elfu 35, nikarudi kuifunga mwenyewe.

Ndani vumbi limeshikana na harufu ya dagaa. Skrubu nne, waya mpana ule mstari mwekundu ukae upande wa plagi ya umeme, nawasha, bayosi, ile programu inayoanza kompyuta ikiwaka, haioni kitu. Moyo ukaniruka. Nikaitoa nikasoma stika yake, kumbe jampa, kile kiplastiki cheusi kidogo kama punje ya mchele, kilikuwa kimewekwa pa slevu, yaani diski ya pili, na hii diski ipo peke yake inatakiwa iwe masta, yaani ya kwanza. Nikakivuta kwa kibanio cha nyusi kikanidondoka kwenye mkeka, nikakitafuta kwa tochi ya simu nimepiga magoti. Nilipokirudisha pake ikasoma. Kupiga Windows upya, zile dakika 39 zinazoandikwa kwenye skrini zikawa saa nzima na ushee.

Ila madeni hayakurudi. Mama akavuta kigoda akakaa pembeni yangu, hana daftari wala nini, akaanza kunitajia kichwani, wa Kahama gunia 7 kaleta laki mbili, wa Geita gunia 3 hajaleta kitu, mimi nataipu, karibu saa sita usiku.

Nikamkumbusha, "Mama, na yule wa Sengerema, si alikuwa na gunia nne?"

Akanyamaza kidogo. "Mume wake si kazama na mtumbwi mwezi uliopita. Huyo usimwandike mwanangu. Haya, weka wa Magu, gunia mbili."