Mnaoniomba "kipande cha dhahabu", someni hapa kwanza

Tangu mtu atangaze kwenye kundi la ukoo kwamba nipo Dawson, Yukon, huku kaskazini mwa Kanada, simu haitulii. "Mjomba, unakalia dhahabu halafu elfu hamsini ya mbolea inakushinda?" Haya. Ngoja niwaeleze hicho kijito, kisha kila mtu apige hesabu zake.

Kinaitwa Bonanza. Kilikuwa Rabbit mpaka Agosti 1896, dhahabu ilipoonekana. Mtu wa Uvinza aliyezoea Malagarasi hawezi kukiita mto. Kinashuka kutoka King Solomon's Dome, kilima cha zaidi ya mita 1,200, ambako Hunker, Dominion na Sulphur navyo vinaanzia, kila kimoja na upande wake kama spoki za baiskeli. Njiani kinapokea Eldorado, kidogo zaidi lakini ndicho kilichotajirisha watu hasa, kisha kinaingia mto Klondike, nao unaingia Yukon hapa Dawson.

Enzi za barafu kuu, sehemu kubwa ya Kanada ilikwanguliwa. Hapa barafu haikufika, kwa hiyo kokoto zilibaki zilipolazwa na maji, na dhahabu, kwa uzito wake, ikazama hadi kwenye mwamba. Juu ya kokoto kuna tope jeusi lililoganda maelfu ya miaka, lenye mifupa ya mamothi, wale tembo wa kale wenye manyoya. Likiyeyuka linanuka kama kitu kilichooza jana.

Sasa chimba! Sururu inadunda. Wa kwanza waliwasha moto shimoni usiku kucha, asubuhi wanapata kama futi moja ya udongo laini, wanaupandisha kwa ndoo na roda, wanawasha tena. Walichagua majira ya baridi makusudi, maana wakati wa joto maji yangejaza shimo. Matimba, yaani magogo ya kushikilia kuta, ya nini? Kuta zinashikwa na barafu. Ila ukishuka kabla hewa ya sumu ya ule moto haijatoka, unapandishwa maiti. Kifusi kinasubiri nje mpaka Mei, maji yakianza kutembea, ndipo kinaoshwa.

Baadaye zikaja mashine zinazoelea. Moja, Dredge No. 4, ilifanya kazi kwenye kijito hiki kuanzia 1941 hadi 1959: inameza bonde kwa mbele, inatema mawe kwa nyuma. Ndiyo maana ukifika leo huoni kijito cha kwenye kalenda. Unaona marudio, yaani mabaki ya uchimbaji: vilima virefu vya kokoto vilivyojikunja kama nyungunyungu, na maji yanajipenyeza popote yanapopata upenyo.

Wanaokuja huku kwa kazi yoyote, sikilizeni hili la baridi. Malagarasi hata Septemba unachota. Bonanza kinaganda kuanzia Oktoba, lakini chemchemi hazilali. Maji yanabanwa kati ya ardhi iliyoganda chini na barafu juu, yanapasua, yanatandaa, yanaganda, halafu yanapasua tena, tabaka juu ya tabaka, mpaka barabara inafunikwa. Theluji ikiwa na rangi ya kijivu, kama imelowa, usiikanyage: chini yake kuna maji. Mguu ukizama na nje ni hasi 30, buti linakuwa jiwe ndani ya dakika chache. Usiseme "nimalizie safari kwanza". Washa moto, badili soksi.

Na wewe unayetaka kuuza shamba la Kasulu uje kuchimba: bonde lina wenyewe. Vitalu vilipimwa futi 500 kila kimoja kufuata kijito, vikapewa namba kwenda juu na kwenda chini kutoka kile cha ugunduzi. Mgeni anaruhusiwa kuosha bure Namba 6 ya juu, kwa zana za mkono tu. Jaza karai kokoto, lizamishe, litikise hadi mazito yashuke, kisha liinamishe na kumwaga mepesi kidogo kidogo. Wengi wanaharakisha hapo na kumwaga dhahabu yenyewe. Mwisho unabaki mchanga mweusi na, ukibahatika, vipunje vitatu vinavyong'aa ukingoni, vidogo kuliko chenga za sembe.

Viuzeni basi, mnunue hiyo mbolea.