Jiwe Lilelile, Lenzi Ileile

Tulianza kupanda bonde kabla jua halijachomoza, mimi na mwenzangu ambaye amenizidi kwa miaka mingi ya kupiga picha. Mimi nilikuwa na kamera ya fremu kamili, yaani yenye sensa kubwa (sensa ni kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga), na lenzi moja tu, ya milimita 50. Yeye alibeba kamera yenye sensa ndogo, ile ya APS-C, pamoja na lenzi fupi ya milimita 35. Kamera zote mbili zilifunga lenzi kwa namna moja, kwa hiyo yangu iliingia kwake na yake kwangu.

Saa tatu asubuhi tukafika kwenye maporomoko. Nilisimama juu ya jiwe bapa lililochomoza mtoni, kama mita 100 kutoka maji yanapoangukia, nikaishika kamera wima. Picha ilipokea kila kitu: miti ya ukingoni juu, uzi mrefu wa maji, dimbwi, na mbele kabisa jabali jeusi lililoupasua mto. Nilipiga nne. Mara upepo ukageuka, manyunyu yakatufunika, kamera yangu ikazima.

Mwenzangu alinipa ya kwake bila kusema neno. Nikafunga lenzi yangu ya 50, nikakanyaga palepale, nikachungulia. Miti ya juu haikuwepo. Dimbwi nalo halikuwepo. Nilibaki na katikati ya maporomoko tu.

"Sasa imekuwa lenzi ya 75," nilisema.

"Hapana, ndugu yangu. Lenzi haijui imefungwa kwenye kamera gani. Inachora duara lilelile la mwanga. Sensa yangu inapokea kipande cha katikati tu."

Tukaketi tukapiga hesabu. Sensa yangu ina urefu wa milimita 36 kwa upande mrefu; ya kwake 23.6. Umbali wa mita 100, ukizidisha kwa 36 na kugawa kwa 50, unakupa mita 72 za mandhari. Weka 23.6 mahali pa 36, unapata mita 47. Urefu wa fokasi, ile milimita 50 inayotaja lenzi, haukuguswa popote. Hiyo 75 niliyoitaja ni lugha ya kulinganisha: lenzi ambayo fremu kamili ingeihitaji ili ione eneo dogo kama lile. Na fremu kamili imekuwa kipimo kwa sababu ya kihistoria tu. Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Leitz huko Ujerumani, alichukua filamu ya sinema akailaza, fremu mbili za milimita 18 kwa 24 zikawa moja ya 24 kwa 36. Kamera ya Leica iliyoingia sokoni mwaka 1925 ndiyo iliyokieneza kipimo hicho.

Nilitaka picha yangu ya asubuhi, kwa hiyo nikarudi nyuma kwenye ukingo wa mto, hatua baada ya hatua, hadi mita 50 hivi. Miti ikaingia, dimbwi likaingia. Lakini picha haikuwa ile. Jabali jeusi, lililokuwa limetawala sehemu ya mbele, sasa lilikuwa limenywea chini ya maporomoko, chini ya nusu ya ukubwa wake wa awali ukililinganisha na maji. Hapo ndipo jambo hili liliponiingia. Uwiano wa vitu vya mbele na vya nyuma huamuliwa na mahali uliposimama. Lenzi na sensa hukata tu ukubwa wa dirisha.

Nilirudi mbio kwenye jiwe bapa nikiwa na lenzi yake ya 35. Jabali likarejea na ukuu wake, na upana ukakaribia ule wa asubuhi.

Siku ya pili, juu mgongoni mwa mlima, sensa ndogo ilinifurahisha. Tai alitua kwenye mti mkavu, mbali. Kamera zetu zote zina pikseli, yaani nukta zinazounda picha, milioni 24, ila za kwake zimebanana kwenye eneo dogo. Ningeikata picha ya kwangu ifikie ukaribu ule, ningebaki na milioni 10 hivi. Jioni hali iligeuka. Nilimpiga mwenzangu picha karibu na moto, lenzi ya 35 ikiwa imefunguliwa f/1.8, yaani tundu la mwanga lenye kipenyo cha urefu wa fokasi ukigawa kwa 1.8, na vichaka vya nyuma havikuyeyuka kuwa ukungu nilivyozoea. Tundu la f/1.8 kwenye lenzi ya 35 lina kipenyo cha milimita 19. Kwenye ya 50 ni karibu 28. Tundu dogo, ukungu mdogo. Chembechembe zinazochafua picha penye mwanga hafifu nazo zilionekana zaidi kuliko kwenye kamera yangu, maana sensa yangu ina eneo zaidi ya mara mbili la kupokea mwanga.

Siku ya tatu, tukishuka, kamera yangu ilikuwa imekauka ikawaka. Tulipita tena kwenye jiwe bapa. Mwenzangu aliifunga kwangu ile 35 yake, iliyotengenezwa kwa sensa ndogo, akaniambia nitazame. Kona zote nne zilikuwa nyeusi. Katikati, maporomoko yaling'aa ndani ya duara la mwanga, duara lenyewe alilonitajia siku ya kwanza, sasa naliona kingo zake kwa macho.

Nilipiga picha hiyo pia. Kisha nikairudisha 50 yangu, nikangoja upepo utulie.