Kabla ya Kumpangia Mgonjwa Mchezo

Hapa kwetu Unguja, jamaa wa mgonjwa aliyeletwa kwa tiba ya burudani, yaani tiba inayotumia michezo na shughuli azipendazo mtu, hutaka waone mara moja mtu wao akifanyishwa jambo, hata mhudumu naye akaingiwa na haraka. Mimi naona uzito wa kazi hii uko mwanzo, katika tathmini ya mahitaji, ambayo hutangulia mpango, utekelezaji na upimaji wa matokeo.

Fomu nyingi huanza kwa kuuliza mtu anapenda kufanya nini wakati wa mapumziko. Bibi wa Makunduchi aliyezoea kusuka ukili huku akizungumza na jirani zake atalijibu vipi swali hilo, ilhali kwake kazi, mazungumzo na mapumziko havikuwahi kutengana? Mzee mwenye heshima zake anaweza hata kudhani anatuhumiwa uvivu. Kwa hiyo mimi huuliza siku yake ilivyokuwa ikipita kabla ya maradhi, tangu alfajiri hadi baada ya isha: alikuwa akikaa wapi, pamoja na nani, na nani alimuulizia asipoonekana.

Tuseme ni mzee aliyepooza mkono wa kushoto kwa kiharusi, naye alikuwa mchezaji bao. Kuandika tu kwamba apewe bao si tathmini. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Mchezo unapoanza, kila mchezaji ana kete 10 ubaoni na 22 za akiba anazozinamua, yaani anazoziingiza ubaoni, moja moja. Basi nataka kujua kama ataweza kukaa kitako muda wote huo, kuachia kete mojamoja bila kuzimwaga, kukisia mtaji, yaani mzunguko wa kula kete, utaishia wapi, na kustahimili kejeli za watazamaji, ambao aghalabu wana maneno kuliko wachezaji. Humwekea ubao nikatazama. Akiyaruka mashimo ya kushoto kila mara, huenda macho yake ni mazima ila ubongo hauuzingatii upande ule, na hilo humhusu daktari pia. Akikosa pa kushikia akiba yake, kibakuli kinatosha. Aliyepotewa na kauli naye hupimwa vivyo hivyo, kwa vitu halisi na picha za kuchagua.

Mtoto wa mzee akijibu kila swali kwa niaba yake, huomba kwa adabu nizungumze na mzee peke yake, kwa sababu familia mara nyingi hutaka atembee, na yeye anataka kurudi barazani. Uainishaji wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2001 kuhusu utendaji na ulemavu unahesabu burudani miongoni mwa mambo ya ushiriki katika jamii, na unataka mazingira nayo yatazamwe. Kwa mkaazi wa Mji Mkongwe, maana yake ni kwenda kuzihesabu ngazi za nyumba yake na kupima kimo cha baraza, kwani mtu anayeumudu mchezo hospitali huenda asiweze kuufikia mtaani kwake, na mpango ukaanzia kwenye ngazi.