Lamu, kurasa za Safina na maji ya birika

Basi la Lamu huondoka Mombasa alfajiri, na kwa anayekwenda huko kusoma fiqhi, darsa ya kwanza huanzia njiani. Ni mwendo wa kilomita 350 hivi kupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, kwa hiyo umepita mbali masafa ya kufupisha sala, ambayo Mashafii wa leo, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafii, huyakadiria kuwa kilomita 82 hivi. Nilipanda nikijua kuwa adhuhuri itanikuta barabarani na basi halitasimama kwa ajili ya abiria mmoja. La kufanya ni kutia nia, wakati wa adhuhuri ukiwa haujatoka, kwamba utaichelewesha uikusanye na alasiri. Asiyetia nia hiyo mpaka alasiri ikaingia, adhuhuri yake imekuwa kadha, yaani sala ya nje ya wakati wake. Kitambulisho kiwe mfukoni, si katika begi lililofungiwa kwenye buti, kwani baada ya Garsen kuna vizuizi na abiria hushushwa wakakaguliwa.

Kosa jingine hutokea Mokowe. Mtu akishaiona bahari husema, "Nitasali nikifika." Lakini aliyekwenda kukaa siku nne kamili au zaidi, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, safari yake hukatika pale anapotia mguu Lamu, na ruhusa ya kufupisha hukatika nayo. Nilisali adhuhuri na alasiri, rakaa mbili mbili, huku huku Mokowe, ndipo nikashuka gatini kupanda boti.

Wanaokwenda Lamu kwa ajili ya elimu huuliza kwanza Riyadha. Msikiti huo ulianzishwa na Habib Swaleh, sharifu wa ukoo wa Jamalullail aliyetoka Ngazija akahamia Lamu karne ya 19. Alifungua mlango wa darsa kwa watu ambao enzi hizo hawakuhesabiwa kuwa na haki ya kuketi mbele ya vitabu, watumwa wakiwamo. Mpaka leo hakuna ada ya kusikiliza darsa ya msikitini. Unaingia, unasali rakaa mbili za tahiyatul masjid, za kuamkia msikiti, unaketi mkekani nyuma ya waliotangulia, na darsa ikimalizika unamwendea mwalimu, unampa mkono na kumwambia umetoka wapi na umesoma nini. Hilo la mwisho lijibu kwa ukweli, kwa sababu ndilo linaloamua utaanza na kitabu gani.

Wageni wengi hukosea hapa. Hutaka Minhaji ya Imam Nawawi, kitabu kikubwa cha fiqhi, kwa kuwa wameisikia jina, na wiki ya pili wamepotea. Ngazi ya pwani ni ya zamani na ina maana yake: Safinatun Najah, yaani Safina, kitabu kidogo cha fiqhi, kwanza, kisha Risalatul Jamia, kisha Mukhtasari wa Bafadhl, ndipo vitabu vikubwa. Pembeni Ajurumiya kwa nahau. Safina aliiandika Salim bin Sumeir wa Hadhramaut, na asili yake huishia kwenye zaka. Mlango wa saumu uliongezwa baadaye na Nawawi wa Banten, kule Java. Ukiona nakala yako na ya jirani hazilingani mwishoni, hiyo ndiyo sababu. Nunua Mombasa kabla ya kupanda basi, tena matini yenye irabu zote na nafasi kati ya mistari. Nafasi hiyo ndiyo daftari lako la kwanza: mwalimu husoma kipande cha Kiarabu, hukifasiri neno kwa neno kwa Kiswahili, nawe unaandika maana chini ya kila neno. Tumia penseli, maana utafuta sana. Kikao ni mistari mitano au sita, baina ya magharibi na isha. Ni michache, lakini yatosha kwa siku.

Uzito wa mistari hiyo huonekana kwenye mlango wa maji. Safina yasema maji ni machache na mengi: machache ni yasiyofika kipimo kiitwacho kulataini, mengi ni kulataini na zaidi. Kwa kitabu tu, maneno haya hupita hewani. Katika msikiti wa zamani unaliona birika, tangi la maji ya kutawadhia, mbele yako. Kulataini ni ratili 500 za Baghdad kwa makadirio, na kwa chombo cha pande nne ni dhiraa moja na robo kwa urefu, upana na kina. Dhiraa ukiichukua kuwa sentimita 48, kila upande ni sentimita 60, na hesabu yake ni lita 216. Sasa tazama nyumbani kwako: pipa lenye maji lita 200 halifiki. Najisi isiyosamehewa ikidondokea humo, maji yote yamenajisika hata kama rangi, ladha na harufu hazikubadilika. Na mwenye kutawadha humo kwa kuingiza mkono, akishaosha uso, anuie kuwa anachota tu. Asiponuia, mkono wake umeanza kuoshwa mle ndani na maji yamekuwa mustaamali, yaani yamekwisha kutumika na hayafai tena kutawadhia. Tumia kata ya kuchotea, shaka yote imeondoka. Watu wametawadha kwenye mapipa miaka na miaka, na asili ya jambo hili imo katika mistari michache ya kitabu kinachoingia mfuko wa kanzu.

Riyadha ina pia hazina ya hati za mkono. Zimepigwa picha chini ya mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, namba EAP466. Kwa mwanafunzi wa mwanzo, faida yake kubwa ni hashia: humo utaona wanafunzi wa zamani walivyoandika maelezo pembezoni, kwa mtindo uleule unaofundishwa mkekani.

Chagua mwezi. Mfunguo sita, yaani Rabiul Awwal, Lamu hufurika wageni wa maulidi. Ni wakati wa baraka, ila vyumba hujaa na vitabu vingi hufungwa. Ramadhani darsa hugeuka kuwa tafsiri ya Kurani. Mwanamke aulize mapema, kwa kuwa darsa nyingi za wanawake ziko madrasani na majumbani, kwa saa zake.

Kabla ya kuondoka, weka alama ya tarehe mahali ulipofikia, omba ruhusa kwa mwalimu, na umuulize: huko ninakorudi, nani anasomesha kitabu hiki? Mara nyingi atakutajia mtu wa mtaani kwako, aliyesoma kwake au kwa mwenzake, na ambaye umekuwa ukimpita kila siku akiwa ameketi barazani. Andika jina hilo ukurasa wa kwanza wa Safina. Boti za Mokowe huanza mapema, na basi la kurudi halingoji.