Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa lugha, Dodoma

Saa 11:30 alfajiri. Mwezi wa saba Dodoma ni baridi na vumbi, hivyo sweta kwanza, chai baadaye. Namalizia kusahihisha madaftari ya kidato cha nne. Ni majibu ya ufupisho, maneno yasiyozidi sitini. Wengi wamekata sentensi za mwisho ili hesabu itimie, na hoja kuu ikaondoka nazo. Napiga mstari mwekundu pale hasa hoja ilipoangukia, maana mwanafunzi akioneshwa mahali penyewe anaelewa haraka kuliko akiandikiwa "jitahidi".

Saa 2:00. Kipindi cha kwanza. Ubaoni naandika: "Mwenyekiti alirudia tena kusema kwamba wanachama wote kwa ujumla wapande juu jukwaani." Kazi yao ni kufuta kila neno ambalo likiondoka, maana haipungui. "Tena" linaondoka mara moja, "juu" nalo, "kwa ujumla" linafuata. Kisha kijana wa dawati la nyuma anasimama: "Madam, hata 'wote' litoke, si wanachama ni wale wale?" Darasa linagawanyika. Nawaacha wabishane, kwa sababu hapo ndipo somo lilipo. Binti mmoja anamjibu kwamba bila "wote" mtu anaweza kubaki chini akasema hakuitwa. "Wote" linabaki. Ufupi una mpaka, na mpaka wenyewe ni maana.

Saa 7 mchana. Ugali na mlenda, vipindi viwili, kikao cha idara. Sina la kusimulia hapo.

Saa 10:00 jioni. Bajaji mpaka Area C, kwenye tuisheni ya vijana waliomaliza kidato cha sita na wanaoomba ufadhili wa masomo Marekani. Wanajiandaa kwa SAT na ACT, mitihani ya kuombea nafasi katika vyuo vya huko, na hiki ndicho kipindi ninachokipenda kuliko vyote. Tunafungua karatasi ya zamani ya Kiingereza ya ACT: maswali 75 kwa dakika 45, yaani sekunde 36 kwa swali. Toleo jipya lililoanza 2025 lina maswali 50 kwa dakika 35, nafuu ya sekunde sita tu. Katika karatasi hizo za zamani, maswali mengi hayaulizi kitu. Maneno yamepigiwa mstari, chaguo la kwanza linasema yabaki yalivyo, mengine matatu yanafuata. Basi.

Binti kutoka Kongwa, mwenye Kiingereza kizuri, ananiita. "Madam, zote nne ni sahihi." Na kweli kisarufi zote zimesimama. Lakini sentensi imekwisha kusema tamasha ni la kila mwaka, na machaguo matatu yanarudia, kila moja kwa namna yake, kwamba hufanyika mwaka hadi mwaka. La nne limeacha marudio hayo. Hilo ndilo jibu. Kanuni yenyewe haijaandikwa popote kwenye swali: sarufi ikilingana na maana ikilingana, lenye maneno machache ndilo linalopata alama.

Linaniuma sana hili. Mtoto anayejua lugha anakosa alama, halafu anaamini hajui lugha, kumbe hakuambiwa tu kinachopimwa. Ndiyo maana kanuni hizi nazitamka kwa sauti na kuwaandikisha. Nyingine inafaa zaidi kwenye SAT, ambayo sasa hufanywa kwa kompyuta: kama machaguo mawili yanatofautiana kwa nukta na nukta mkato tu, kati ya sentensi mbili kamili, yote mawili yanaanguka. Alama hizo hapo zinafanya kazi ileile, na jibu sahihi ni moja.

Lakini siwaruhusu kuondoka na "chagua fupi" kama hirizi. Kijana mmoja ameitumia kila mahali leo, na swali lililomwangusha lilikuwa na chaguo fupi lililoiacha sentensi bila kitenzi kikuu. Tunarudi pamoja. Kwanza sentensi iwe kamili, pili maana itimie, mwisho ndipo uhesabu maneno. Anairudia kwa mdomo wake, kisha anapata matatu yaliyofuata.

Saa 3:00 usiku. Natafuta sentensi ya kesho. Nimeipata kwenye tangazo la wazazi: "Kikao kitafanyika siku ya Jumamosi, muda wa saa nne kamili ya asubuhi." "Siku ya" litatoka, "muda wa" litatoka, na "kamili ya" sidhani kama kuna atakayelitetea. "Asubuhi" watataka kulifuta, nami nitawauliza mzazi atajuaje kuwa si saa nne ya usiku.