Ile njaa ya saa nne imeniacha

Kwa miaka asubuhi yangu ilikuwa chai ya maziwa, vijiko vitatu vya sukari na slesi nne za mkate mweupe, natoka Kondele hapa Kisumu kwenda kazi nikijua nimeshiba, alafu ikifika saa nne hivi mikono inatetemeka kidogo, kichwa hakishiki kitu, akili yote iko kwa mandazi na soda baridi. Nilijilaumu sana juu ya hiyo soda.

Kumbe shida ilianzia kwa kile kikombe cha asubuhi. Mkate mweupe na sukari vinasagika haraka, sukari inapanda kwa damu mbio, mwili unamwaga insulini ya kuishusha, na ikishuka ndio unasikia unataka kitu tamu sai sai. Ukinywa soda umerudi palepale, na kola ya nusu lita ina sukari kama gramu 53, wakati Shirika la Afya Duniani tangu 2015 linasema mtu mzima akae chini ya kama gramu 50 kwa siku, chini ya 25 ikiwezekana.

Siku hizi napasha nyoyo (githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha) ya jana na kitunguu, bakuli moja, na chai bila sukari, vile nyanya alikuwa anatupea ushago. Mahindi yana maganda yake, maharagwe yana protini na nyuzinyuzi, tumbo linakaa nayo pole pole, na mimi nafika saa saba bila kutafuta kibanda. Hamu ya tamu ilichukua kama wiki tatu kupungua, usitarajie kesho. (Na kama unatetemeka hata ukila vizuri, tafadhali enda upimwe sukari.)

Lakini wiki ya kwanza tumbo lilinijaa gesi mpaka nikakaribia kuacha. Mama anayenipimia gorogoro (mkebe) ya maharagwe pale sokoni Kibuye akaniuliza, "Mwanangu, kwani unaloweka?" Sikuwa naloweka. Maharagwe yana aina ya sukari ambazo utumbo mwembamba hauwezi kusaga, zinashuka mpaka utumbo mpana, bakteria wanazila na hapo ndipo gesi inatoka. Kuloweka usiku kunatoa sehemu yake, mradi yale maji yenye povu uyamwage, usipikie. Pia nilianza na nusu bakuli na maji mengi ya kunywa, nikaongeza mdogo mdogo. Sai naloweka vikombe viwili kila Jumapili na Jumatano, vinatosha mimi na watoto.